Bibi Nambari Mia na Kumi na Nne

Ipo nchi moja ambayo sitaitaja, kwa kuwa wenyewe hawapendi kutajwa bila kuandikiwa barua ya maombi. Nchi hiyo ina kanda nane, mto mmoja na wizara thelathini na tisa. Humo alikuwamo tajiri aitwaye Mzee Likwambe, aliyepata mali yake kwa kubomoa majumba ya kale. Alibomoa kwa miaka arobaini, kwa bidii na uaminifu, mpaka siku moja alipopanda juu ya ghorofa lake, akautazama mji mzima, asione hata nyumba moja ya kale iliyosimama. Moyo ukamjaa simanzi.

"Jamani," alisema huku akijifuta machozi, "urithi wetu umekwenda wapi?"

Wiki hiyo hiyo akaanzisha Wakfu wa Likwambe wa Kulinda Urithi, Sanaa na Elimu ya Ukanda wa Mashariki. Wakfu ukajengewa jengo la vioo vitupu, pale pale lilipokuwa soko la zamani, na mlangoni pakatundikwa ubao: URITHI NI UHAI. USIGUSE.

Huko ndiko alikoajiriwa Mwinyikai, kijana aliyetoka chuo kikuu majuzi tu, mwenye moyo laini kama boga lililoiva. Cheo chake kilikuwa Afisa Urithi Msaidizi Daraja la Tatu. Daraja la nne halikuwapo. Lakini Mwinyikai hakujali daraja. Aliamini kwamba duniani kuna mambo mazuri yanayokufa kwa kukosa tu mtu wa kuyaandika vizuri, na yeye mwandiko wake ulikuwa mzuri.

Tasnifu yake ya shahada ilikuwa na kurasa mia tatu, yote juu ya nyimbo za kumtoa bibi harusi. Katika Ukanda wa Mashariki, bibi harusi hatoki chumbani mpaka aimbiwe mlangoni wimbo wake mwenyewe. Wimbo huo hutungwa kwa ajili yake peke yake, una jina lake, jina la mama yake, na vituko vyake vya utotoni. Huimbwa mara moja, kisha haurudiwi tena milele. Wimbo ukirudiwa, wazee husema, ndoa nayo itataka kurudiwa. Mwinyikai alilieleza jambo hili kwa ufasaha katika ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, ambako hakuna profesa aliyewahi kufika.

Mtungaji hodari kuliko wote alikuwa Bi Mwanashehe, mkaanga vitumbua wa mtaa wa Mwembeni. Alikuwa amewatoa mabibi harusi zaidi ya mia sita, na paa la nyumba yake lilikuwa na tundu la kupitisha sinia.

*

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja na karatasi nyingine? Zile za mwanzo umezila?"

"Zile nimepatia shahada, Bibi."

"Hongera. Na mimi nimepata nini?"

Mwinyikai akatazama juu. Wingu lilikuwa likipita tunduni taratibu.

"Utapata paa," akasema. "Kila kilichomo katika daftari la Wakfu hutunzwa. Nikikusajili tu, watakutunza wewe na nyumba yako."

Tatizo lilikuwa moja dogo. Wakfu haukuwa na fomu ya watu. Ulikuwa na Fomu Namba Saba tu, ya Usajili wa Kitu cha Urithi, iliyoandaliwa kwa ajili ya mitungi, milango na mapanga. Mwinyikai alikuwa ameuliza ofisini, akaambiwa kwamba fomu ya watu ingehitaji kikao, na kikao kingehitaji fomu. Basi akaona heri fomu yenye kasoro kuliko bibi anayelowa.

"Kitu kimetengenezwa kwa kitu gani?" akasoma.

"Andika udongo," alisema Bi Mwanashehe, akigeuza kitumbua. "Sote tumetoka huko."

"Kina nyufa?"

"Nyayoni. Kiangazi zaidi."

"Sehemu zilizopotea?"

"Meno manne, na mume."

"Mume hana nafasi kwenye fomu, Bibi."

"Hata alipokuwa hai hakuwa na nafasi. Endelea."

"Kilipatikana wapi?"

Bi Mwanashehe akaweka chini uma wa kugeuzia. "Mimi sikupotea, baba."

Mwinyikai akaandika: *Hakikupotea.* Kisha akampiga picha ya ubavuni, akiwa amesimama kando ya rula, kama maelekezo yalivyotaka. Bibi akatia dole gumba, akamfungia vitumbua sita, na kijana akarudi ofisini akiimba njia nzima. Alikuwa ameokoa kitu. Hakuna furaha inayolingana na hiyo.

*

Mwezi uliofuata yakaja magari matatu.

Walishuka watu wenye makoti meupe, wakazungushia nyumba ya Bi Mwanashehe kamba nyekundu ya mahameli. Wakabandika mlangoni kibao cha Ukanda wa Mashariki: U.M. 114, BIBI, UDONGO. Wakatundika kipimajoto karibu na kitanda, wakamweka mlinzi, na wakagawa glavu nyeupe mtaa mzima. Tangu siku ile, aliyetaka kumpa Bibi mkono alivaa glavu kwanza. Jirani yake, aliyezoea kumsuka nywele kila Alhamisi, akaambiwa kwamba mpangilio wa nywele ulikwisha kusajiliwa na usiguswe tena.

Vitumbua vikapigwa marufuku, kwani moshi huchafua urithi. Chakula kikawa kinaletwa kutoka Wakfu, hakina chumvi.

"Kwa nini hakina chumvi?" Bi Mwanashehe akamuuliza mlinzi.

"Chumvi hula vitu vya udongo, Bibi. Nimeona kwenye faili lako."

"Mwanangu, na wewe nawe waamini mimi ni mtungi?"

Mlinzi akainamisha kichwa. Alikuwa kijana mwema, mwenye watoto wawili. "Mimi naamini kilichopigwa muhuri, Bibi."

Kuhusu paa, fundi wa Wakfu alipanda juu siku ya tatu. Akalitazama tundu kwa heshima kubwa, akalipima, akalichora, akashuka.

"Tundu hili ni la asili," akatangaza. "Kuliziba ni kuharibu."

Wakaliwekea kibao chake: U.M. 114(b), TUNDU. Mvua iliponyesha, Bi Mwanashehe alihamishwa kona nyingine ya chumba, na maji yakawekewa kamba ili yasisumbuliwe.

Mwinyikai alipoyaona haya moyo ulimshuka. Lakini alikuwa na ugonjwa wa vijana wengi wema: alidhani kila upuuzi mkubwa una sababu kubwa ambayo yeye bado hajaelezwa. Akasubiri kuelezwa.

*

Kila Jumanne saa nne asubuhi Wakfu ulileta wageni kutoka nje ya nchi kumsikiliza U.M. 114 akiimba. Na kila Jumanne mtaalamu wa kumbukumbu alikaa mbele, ameshika wimbo ulionakiliwa kutoka kwenye tasnifu ya Mwinyikai, ambao kijana aliuandika akiusikiliza harusini, akifuatisha kwa kidole.

Bi Mwanashehe hakuuimba hata siku moja. Wimbo ule ulikuwa wa Mwanarusi, binti wa fundi cherehani, naye alikuwa ameolewa miaka minne iliyopita, ana watoto. Kwa kuwa wageni walikuja na hapakuwa na bibi harusi, Bibi aliwatungia wageni wenyewe. Jumanne moja alimwimbia mke wa balozi juu ya kofia yake. Jumanne nyingine akamwimbia mkaguzi wa mahesabu aliyesinzia. Wageni hawakuelewa neno, wakapiga makofi. Mtaalamu wa kumbukumbu alielewa, akaandika ripoti: *Kitu kimeharibika. Maneno tofauti na ya asili kwa asilimia mia. Kinahitaji ukarabati.*

Mwinyikai akakimbilia kwa Mkurugenzi.

Mkurugenzi wa Wakfu alikuwa Dokta Shomvi, mtu wa sauti nene aliyekuwa na viti viwili ofisini, kimoja cha kukalia na kimoja cha kutolea hotuba. Alipomwona Mwinyikai akahamia kile cha pili.

"Mheshimiwa, Bibi hajaharibika. Nyimbo zile ndivyo zilivyo. Haziimbwi mara mbili. Nimeeleza kwenye ukurasa wa—"

"Kijana," alisema Dokta Shomvi, "urithi ni nini?"

"Ni yale tuliyoachiwa na—"

"Urithi ni kile kisichobadilika! Mimi nimezunguka dunia. Nimeona piramidi. Je, piramidi hubadilika kila Jumanne?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Ndiyo maana watu huenda kuitazama. Mwambie bibi yako afuate mfano wa piramidi."

Mwinyikai alikwenda, akamweleza Bibi kwa upole. Bi Mwanashehe akafikiri kidogo.

"Hiyo piramidi ndani yake mna nini?"

"Mna maiti, Bibi."

"Basi mwambie Mkurugenzi avute subira. Nami naelekea huko huko, bila haraka."

*

Ndipo ikaja habari ya harusi.

Bi Mwanashehe alikuwa na mjukuu mmoja tu duniani, Sikudhani, aliyemlea tangu mama yake alipofariki wakati wa kujifungua. Sikudhani alifundisha shule ng'ambo ya mto, katika Ukanda wa Kusini. Ukisimama mlangoni kwa Bibi uliyaona mabati ya shule. Ulikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu, pamoja na kusimama darajani kusalimiana. Sasa Sikudhani alikuwa anaolewa, siku kumi na mbili mbele.

Alikuja mwenyewe kuleta habari. Mlinzi akampa glavu. Akazitupa chini, akaruka kamba, akamkumbatia bibi yake kwa mikono mitupu, na mlinzi akageuka kutazama barabarani ili asilazimike kuandika.

"Utakuja kunitoa, Bibi?"

"Nani mwingine wa kukutoa? Wimbo wako ninao tangu una miaka sita, ulipomng'ata mwalimu wa madrasa."

Mlinzi akakohoa. "Samahani, dada. Bibi hawezi kuvuka daraja. Ng'ambo ni ukanda mwingine. Atakuwa amesafirishwa nje."

Sikudhani akamtazama kama mtu atazamavyo mbu aliyetoa hotuba. "Nani amesafirishwa? Bibi yangu anakwenda harusini kwa miguu yake."

"Miguu nayo imesajiliwa, dada."

"Sikiliza, Bibi," alisema Sikudhani. "Usipokuja, sitoki. Waniletee mashangazi, waniletee ngoma, waniletee askari. Nitakaa humo chumbani nizeeke, na yule bwana azeekee mlangoni na maua yake."

Bi Mwanashehe alishika mikono ya mjukuu wake, akaitazama, na kwa mara ya kwanza tangu asajiliwe, alilia. Mlinzi, kwa mujibu wa kanuni, akaandika: *Unyevu umeongezeka.*

*

Mwinyikai hakulala vizuri, lakini asubuhi aliamka na matumaini, kama kawaida yake. Akaanza kuzunguka ofisini.

Kibali cha Kusafirisha Urithi Nje ya Ukanda kilitolewa na Kamati Kuu. Kamati Kuu ilikutana kila baada ya miaka miwili, na ilikuwa imekutana Jumatatu iliyopita, kuchagua biskuti za mkutano ujao.

Kulikuwa na njia ya pili: kuazima. Wenye harusi wangeweza kuomba kuazimwa Bibi kwa siku moja, kama jumba la makumbusho linavyoazima kinyago. Mwinyikai alifurahi, akapeleka fomu kwa mama wa bwana harusi. Fomu iliuliza kiwango cha unyevu ukumbini, aina ya kioo kitakachomfunika Bibi, na idadi ya wataalamu watakaokuwa zamu. Mama wa bwana harusi, mtu mkweli, alijaza: *Tuna feni moja, na kaka yangu Mzee Kitwana huwa halali usiku.* Ombi lilikataliwa. Ilionekana pia kwamba, hata likikubaliwa, Bibi angesafiri ndani ya sanduku lenye majani makavu, limeandikwa UPANDE HUU JUU.

Siku zikabaki nne. Akaomba kumwona Dokta Shomvi, akaambiwa amesafiri nje ya nchi kuhudhuria kongamano la kimataifa la Kuwasikiliza Wazee, na huko hapokei simu.

Alikuwa amekaa ngazini, uso mikononi, alipopita Mama Veneranda, mtunza ghala. Mama huyu alikuwa amefanya kazi pale tangu Wakfu ulipoanza, na inasemekana yeye peke yake alijua kila kitu kilipo, ndiyo maana hakupandishwa cheo.

"Wewe mtoto, unalia nini kazini? Machozi yana fomu yake."

Mwinyikai akamweleza yote. Mama Veneranda akakaa ngazi moja juu yake, akashusha pumzi.

"Nikuambie jambo. Katika ghala langu, kitu halisi hakitoki. Kuna kinu kinasubiri sahihi tangu nina mimba ya kitinda mimba wangu, naye leo ana ndevu. Lakini kuna aina moja ya kitu hutoka siku hiyo hiyo, bila kibali, bila kamati, kwa mlango wa nyuma. Na huombwa radhi."

"Kitu gani, mama?"

"Bandia. Ikigundulika kitu si cha asili, hapa hakilali. Wanaona aibu."

Mwinyikai alielewa haraka kuliko alivyotaka. Aliyemsajili Bibi ni yeye. Aliyetoa ushahidi wa uhalisi wake ni yeye, kwa kurasa mia tatu. Wa kusema kwamba ni bandia angekuwa nani?

"Nitakuwa nimemtukana, mama. Mtu niliyetaka kumheshimu kuliko wote."

"Basi mheshimu," alisema Mama Veneranda akinyanyuka, "na mjukuu azeekee chumbani."

*

Mwinyikai akaandika kwamba ana shaka na uhalisi wa U.M. 114, na Jopo la Uhakiki likaketi siku ya Ijumaa, maprofesa watatu nyuma ya meza ndefu. Harusi ilikuwa Jumapili. Mwenyekiti alikuwa Profesa Tindwa, mwenye kipara kilichong'aa kama kifuniko cha birika, mwandishi wa vitabu kumi na kimoja juu ya nyimbo ambazo hakuwahi kuzisikia kwa kuogopa kwamba zingempotosha.

Bi Mwanashehe aliletwa kwenye kiti cha magurudumu, ingawa alitembea vizuri. Mwinyikai akamwinamia.

"Bibi, nisamehe. Leo itanibidi niseme wewe si wa kweli."

"Mjukuu wangu, nimekaa na mawifi saba nyumba moja. Unadhani utasema jipya?"

Mpango wake Bi Mwanashehe ulikuwa mwepesi: aimbe vibaya. Akaanza. Akaimba kwa sauti ya mbuzi aliyekwama kwenye uzio, akaruka mistari, akakohoa katikati, akamaliza kwa kupiga chafya.

Maprofesa wakatazamana, macho yamewatoka.

"Mmeisikia ile chafya?" alinong'ona wa kushoto.

"Ya kale mno," alisema wa kulia, mkono kifuani. "Nilidhani imekwisha kupotea."

"Huu ndio uimbaji wa kabla ya uimbaji," alisema Profesa Tindwa. "Napendekeza kitu hiki kipandishwe kuwa Urithi Mkuu, kihamishiwe makao makuu, na kisitoke nje milele."

Mwinyikai akasimama kabla hajajua atasema nini, na kwa kuwa hakuwa na uongo wowote tayari, akaamua kutumia ukweli.

"Bibi," akasema kwa sauti, "huo wimbo umetungwa lini?"

"Upi, huu? Sasa hivi."

"Sasa hivi ya lini?" aliuliza Profesa Tindwa.

"Sasa hivi ya sasa hivi, baba. Wala haujaisha. Una ubeti mmoja wako." Na hapo, kwa kuwa alikuwa amechoka kuimba vibaya, akaimba kwa sauti yake mwenyewe, nzito na tamu kama asali ya msituni:

*Profesa Tindwa, nywele zimehama,*
*zimemkimbia zikatafuta kwema,*
*kichwa chajua yote yaliyozama,*
*ila kinachopita leo hakijakiona.*

Mlinzi wa mlangoni akacheka kwa sauti. Profesa Tindwa akapapasa kipara.

"Lakini ule wa kwenye tasnifu," alisema, akipekua karatasi, "ule ni wa karne ngapi?"

"Wa Mwanarusi? Niliutunga asubuhi ya harusi yake, nikikamua nazi. Nikauimba mara moja, akatoka, akaolewa. Niuimbe tena, nimwachishe mume?"

"Na zile nyingine? Zote mia sita?"

"Hivyo hivyo. Kila mtoto na wake."

"Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili," alisema Mwinyikai kwa upole.

Maprofesa watatu, kwa mara ya kwanza, wakaufungua ukurasa huo. Wakausoma kimya. Nyuso zao zikabadilika kama za watu waliogundua kwamba chai waliyokwisha kunywa ilikuwa na nzi.

"Kwa hiyo mwanamke huyu," alisema Profesa Tindwa taratibu, "hutunga."

"Ndiyo, Profesa."

"Kila mara."

"Kila mara."

"Vitu vipya."

"Vipya kabisa."

"Ewe Mola wangu," alisema Profesa, akavua miwani. "Yuko hai."

Wakaandika uamuzi pale pale. *Kitu U.M. 114 si urithi. Ni cha juzi. Kimeidanganya taasisi kwa kuonekana mzee.* Mwinyikai ndiye aliyetakiwa kuweka sahihi, kama afisa msajili, chini ya neno BANDIA lililopigwa kwa wino mwekundu. Akatazama jina la Bi Mwanashehe juu yake. Akaona miaka yake ya chuo, safari zake za vumbi, kila alichokiamini. Kisha akatia sahihi, kwa mwandiko wake mzuri.

Saa hiyo hiyo akafukuzwa kazi kwa kuleta kitu hai ndani ya Wakfu. Bi Mwanashehe akatolewa kwa mlango wa nyuma, akaombwa radhi, akanyang'anywa kipimajoto.

"Sasa mimi ni bandia," alisema nje, akijinyoosha mgongo juani. "Laiti ningejua ni raha namna hii, ningekuwa tangu ujana."

*

Jumapili akavuka daraja kwa miguu yake, Mwinyikai kando amembebea mkoba. Alisimama mara sita kusalimiana, na hakuna aliyevaa glavu.

Kwenye harusi palikuwa na watu kama siafu. Na mbele kabisa, penye kiti kilichopambwa, alikuwa ameketi Dokta Shomvi na mpiga picha wake.

Msishangae. Mkurugenzi alirudi safari Jumamosi, akakuta daftari lina pengo kwenye nambari mia na kumi na nne, na Mzee Likwambe anakuja kukagua mwisho wa mwezi. Akatuma watu watafute kingine haraka. Wakamletea habari kwamba ng'ambo ya mto, siku inayofuata, bibi mmoja hodari ajabu angemtoa mjukuu wake. Wala hakumtambua Bi Mwanashehe alipoingia. Hakuwahi kumwona ila kwenye picha ya ubavu, kando ya rula.

Bi Mwanashehe akaenda hadi mlango wa chumba. Akagonga mara tatu.

"Nani?" ikauliza sauti ya Sikudhani kutoka ndani, nyembamba kwa hofu.

"Wa udongo," alisema bibi yake.

Akaanza kuimba.

Wimbo ule siwezi kuwaimbia, kwani si wenu. Nitasema tu kwamba ulikuwa na jina la marehemu mama yake Sikudhani mahali ambapo hakuna aliyelitarajia, na ulikuwa na yule mwalimu aliyeng'atwa, watu wakacheka huku machozi yakiwatoka. Ulipofika mwisho, mlango ukafunguka polepole, na Sikudhani akatoka, akawa bibi harusi. Vigelegele vikapasua anga.

Dokta Shomvi alikuwa analia kama mtoto. "Huu!" alipiga kelele. "Huu ndio wa asili! Mmeunasa?"

Mpiga picha alikuwa mweupe kama glavu. "Mheshimiwa, sikuondoa kifuniko."

"Kifuniko gani?"

"Cha mbele ya kamera, Mheshimiwa."

Mkurugenzi akamkimbilia Bi Mwanashehe. "Mama, tafadhali, rudia. Mara moja tu, kwa ajili ya vizazi vijavyo."

"Haurudiwi, bwana. Mwari keshatoka."

"Arudishwe ndani!"

"Umwambie mumewe," alisema Bibi, akimwonyesha bwana harusi, aliyekuwa na mabega kama mlango wa ghala.

Dokta Shomvi akageuka huku na huku kama mtu aliyedondosha pete mtoni, na macho yake yakamwangukia Mwinyikai.

"Wewe! Wewe ni msomi, tena ulisimama karibu. Ulikuwa unatazama mdomo wake tangu mwanzo. Nipe maneno, kijana. Nipe maneno yote, nami kesho nakurudisha kazini. Daraja la kwanza! Na nyimbo hizi zitafundishwa shule zote, watoto waziimbe kila Jumanne mpaka kiama."

Bi Mwanashehe alimtazama Mwinyikai, wala hakumkonyeza, wala hakutikisa kichwa. Sikudhani naye alimtazama kupitia shela, amemshika mumewe kidole kimoja.

Mwinyikai alikuwa nao wimbo wote. Kila ubeti ulikuwa kichwani mwake, umepangika, na vituo vyake, na pale Bibi alipovuta pumzi kabla ya kulitaja jina la mwanawe aliyekufa. Angeweza kuuandika bila kukosea hata herufi.

"Nimesahau, Mheshimiwa," akasema.